Nafaka ya kahawia yenye pembe tatu, pakiti ya Kirusi: inapikwaje, na nikiipeleka Muheza itaota?

BintiRaskazone ameuliza:

Habari zenu humu. Nasimamia nyumba ya wageni huku Raskazone. Wiki iliyopita wameondoka wageni wa Kirusi, mtu na mkewe, waliokaa kwetu tangu kaskazi. Kama kawaida ya wageni wakiondoka, wakaniachia vya jikoni: chumvi, majani ya chai, mafuta ya alizeti chupa nusu, na shehena ya nafaka ambayo sijapata kuiona Mgandini wala kwenye duka lolote la Tanga.

Punje ni ndogo kuliko mbaazi, rangi ya kahawia, na kila moja ina pembe tatu. Ukiitafuna kavu inavunjika kirahisi, ndani nyeupe. Inanukia ukoko wa wali uliokaribia kuungua, harufu nzuri kwa kweli. Baadhi ya maboksi ndani yake mna vifuko vya plastiki vyenye vitundu, sijui vya nini. Maandishi yote ni Kirusi. Yule mama alikuwa akiipika karibu kila siku, anaitaja "grechka". Nilimuuliza kwa ishara inapikwaje, akanionyesha sufuria na maji, akacheka. Hapo ndipo mafunzo yalipoishia.

Sasa mambo yamekuwa mengi. Mama yangu ana sukari, na jirani aliyekuja kutusalimu alipoiona tu akasema hiyo ni dawa, kwamba kuna mtu mjini anauza unga wake kwa vipimo vya kijiko na watu wanaacha vidonge. Anataka nimuuzie boksi mbili. Mjomba naye ana shamba Muheza, kasikia ni zao la Ulaya, tayari ameshapiga hesabu ya ekari. Mimi nataka kwanza kujua ni kitu gani, kinaliwaje, na kama mama akila ni salama.

MzeeWaChumbageni amejibu:

Binti, umenikumbusha mbali. Hiyo ni grechka kweli, Waingereza wanaiita bakwiti, na mimi nimeila mpaka nikaota ndevu. Nilipelekwa kusoma Voronezh mwaka 1984, mwaka wa kwanza wote tukifundishwa lugha tu kabla ya kuingia darasani na Warusi. Kwenye bwalo la wanafunzi ulikuwa unapewa sahani: kotleti moja, mchuzi wa nyanya mwepesi usio na pilipili wala ndimu, na lundo la grechka. Sisi wa pwani tulinuna. Mwenzangu mmoja wa Pangani alikuwa akiweka chumvi, anaonja, anasukuma sahani, anaomba mkate. Ilipofika baridi ya Januari akawa anaomba kuongezewa.

Mafundisho ya kuipika ni mafupi. Kwanza itandaze kwenye ungo uitazame, maana wakati mwingine mna kaganda keusi au kajiwe. Ioshe maji mara moja, usiiloweke. Kikombe kimoja cha grechka, vikombe viwili vya maji, chumvi kidogo. Ikichemka punguza moto, funika, halafu iache. Usiikoroge! Huu si uji wala ugali. Baada ya robo saa hivi, maji yakishakauka, iepue, ifunge sufuria kwa taulo au kanga nzito, ikae tena dakika kumi. Ukifunua utakuta punje zimechanua, kila moja imesimama peke yake. Hapo unatia siagi. Warusi wana msemo kwamba kasha haiharibiki kwa siagi, na kasha kwao ni jina la chakula chochote cha nafaka kilichochemshwa hivyo, iwe ya grechka, ya uwele au ya shayiri.

Vile vifuko vyenye vitundu usivipasue. Unatumbukiza kifuko kizima kwenye maji yanayochemka, unakitoa kwa uma, unakining'iniza kichuje, ndipo unakikata. Ni mambo ya watu wa mjini wasiotaka kusugua sufuria. Mimi binafsi sivipendi, grechka ya kwenye kifuko inatoka imelowa lowa.

Juu yake sisi tulikuwa tunakaanga vitunguu mpaka viwe vyekundu, na uyoga ukipatikana. Asubuhi wenyeji wanaila na maziwa na sukari. Wewe upo Raskazone, bahari iko hapo, mimi ningeila na changu wa kukaanga na kachumbari, basi.

Kuhusu hiyo habari ya dawa, nadhani najua inakotoka. Enzi zile za Kisovieti grechka ilikuwa bidhaa adimu, ukiiona dukani unajipanga foleni kwanza halafu ndiyo unauliza bei. Wagonjwa wa sukari walitengewa mgao wao maalumu. Kwa hiyo kila bibi wa Kirusi amekua akijua kwamba grechka ni chakula cha mtu mwenye sukari. Chakula, nimesema. Hakuna daktari aliyewaambia waache dawa. Tangu hapo Warusi wakisikia shida yoyote inakuja wanakimbilia grechka. Mwaka 2010 ukame ulipiga mashamba yao, bei ikapaa na rafu zikawa tupu. Machi 2020, korona inaingia, wakarudia yale yale. Wengine duniani waliparamia karatasi za chooni, wao walibeba grechka.

BintiRaskazone amejibu:

Shikamoo babu. Ahsante sana, nimecheka peke yangu jikoni. Swali la haraka: naweza kuipika kwa tui la nazi?

MzeeWaChumbageni amejibu:

Marahaba mwanangu. Sijawahi, kule nazi tuliiona kwenye picha. Ila sioni kwa nini isikubali. Anza na tui jepesi badala ya maji, la kichwa litie mwisho.

MapishiNgamiani amejibu:

Inakubali, nimeshaipika. Ila dada Binti, angalia kitu kimoja. Hiyo yako ni ya kahawia, maana yake imeshakaangwa kiwandani, ndiyo maana inanukia. Ipo pia mbichi, rangi yake kijani kilichofifia. Ile mbichi ukiichemsha hivi hivi inatoa utelezi na inakuwa bwabwa, lazima uikaange kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka ibadilike rangi. Kuna wanaoichanganya na yai bichi kwanza, kisha wanaikaanga mpaka yai likauke, punje zisishikane.

Mimi nimeijulia kwa Wahindi. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye jiko la familia ya Kihindu hapa mjini. Siku zao za kufunga, hasa zile siku tisa za Navratri, hawagusi ngano wala mchele, ila unga huu wanakula. Wanauita kuttu. Sababu ni kwamba si nafaka ya ukoo wa nyasi kama mchele, ngano, mtama au mahindi, kwa hiyo kwenye mfungo inapita. Mama mwenye nyumba alikuwa anauchanganya na viazi vya kuchemsha vilivyopondwa, chumvi yao ya mawe, pilipili mbichi na kotimiri, anachoma vijichapati vinene au anakaanga vidogo kama bajia.

Alichokuwa mkali nacho ni unga wa zamani. Unga wa kuttu una mafuta yake, ukikaa kwenye joto unachacha, na kule India karibu kila mwaka wakati wa mfungo huja habari za watu waliolazwa kwa kula unga uliooza au uliochanganywa. Kwa joto la Tanga hili mimi nisingenunua unga wa kijiko kutoka kwa mtu nisiyejua aliusaga lini. Nunua punje, saga kidogo kidogo kwenye blenda, na utakaobaki weka kwenye friji. Hapo jirani yako ajibiwe.

Chapati ya kusukuma usihangaike nayo, haina gluteni, yaani ule mnato unaofanya donge la ngano livutike. Ukisukuma inapasuka pembeni kote. Wajapani wanaotengeneza tambi zake, zinaitwa soba, wengi wanatia sehemu mbili za ngano kwenye nane za huu unga ili zishikamane. Kinachopendeza kwetu ni mkate wa maji. Unga, maji, chumvi, yai ukipenda, unakoroga uwe mwepesi, unaufunika utulie saa moja au mbili. Kikaango kiwe cha moto kweli, pakaa mafuta kwa kitunguu, mimina, zungusha haraka. Unatoka na rangi ya kijivu yenye madoadoa, usishtuke, ndiyo rangi yake. Wafaransa wa Bretagne ndicho chakula chao hicho hasa, wanakunja ndani yake yai na jibini. Mimi nakunja samli na sukari, na siku nyingine dagaa wa kukaanga.

NesiMakorora amejibu:

Naomba tuongee habari ya mama kabla mapishi hayajanoga zaidi.

Gramu 100 za punje kavu zina wanga takriban gramu 71. Mchele mweupe una kama 80. Kwa hiyo tofauti ipo, lakini si ya kufanya mtu aache vidonge. Inachoshinda mchele ni nyuzinyuzi, gramu 10 hivi dhidi ya moja na kidogo, na protini, 13 dhidi ya 7. Protini yake pia ina laisini ya kutosha, kijenzi cha protini ambacho mahindi na ngano zinakipungukia. Nyuzinyuzi ndizo zinazofanya sukari ipande taratibu. Ina pia kitu kinaitwa rutini ambacho watu wa tiba asilia wanakitangaza sana, lakini chenye rutini nyingi hasa ni ndugu yake, bakwiti chungu inayolimwa milimani Uchina na Nepali, siyo hii ya kwenye boksi la Kirusi.

Mama apime sukari kabla ya kula, ale kiasi alichozoea kula wali au pungufu, apime tena baada ya saa mbili. Namba itawaambia ukweli kuliko jirani. Dawa zake aendelee nazo kama alivyoandikiwa. Nimeshaona kliniki mtu kaletwa hajitambui kwa sababu ya "unga wa kijiko" wa namna hiyo, unga tofauti lakini hadithi ile ile, na aliyemuuzia hakuonekana hospitali.

Jambo la pili ni mzio. Si wengi wanaopata, ila anayepata anaweza kupata mkali: kuvimba midomo, kuwashwa, kubanwa pumzi. Japani wameiweka kwenye orodha ya vyakula ambavyo ni lazima kiwanda kivitaje kwenye pakiti, kundi moja na karanga na kamba. Kwa hiyo siku ya kwanza vijiko viwili vitatu tu, mchana, si usiku mkiwa mmelala.

MgosiWaSoni amejibu:

Nimeitwa huku na swali la Muheza. Mjomba apunguze hesabu za ekari.

Kwanza hizo punje zake hazioti. Zimekobolewa na zimekaangwa, kiini kimekufa. Mbegu ya kupanda ni ile iliyo na ganda lake, nyeusi au kahawia iliyokolea, ganda gumu la pembe tatu.

Pili, hata akipata mbegu, Muheza ni joto. Huu mmea unapenda ubaridi usio wa barafu. Joto likipita nyuzi 30 wakati wa maua, yanakauka bila kushika punje. Utaona shamba zuri, jeupe lote, ukivuna unapata majani. Huku kwetu, Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, angalau kuna mazungumzo.

Nauongelea kwa sababu nimeuona kwa macho. Kuna mgeni alikuja kujitolea huku akapanda ukanda kwenye shamba la jirani yangu, kwa ajili ya kurutubisha udongo tu, si kwa kuvuna. Ulichomoza ndani ya siku chache, nikadhani ni magugu yameota kwa mstari. Shina jekundu lenye uwazi ndani, jani la umbo la moyo lenye ncha, urefu ulifika kiunoni. Ulifunika ardhi haraka mpaka magugu yenyewe yakakosa jua. Kabla ya miezi miwili yalikuwa maua matupu, meupe yenye wekundu kidogo, na nyuki! Sijaona nyuki wengi hivyo kwenye kipande kidogo cha ardhi. Walikuja asubuhi tu. Mchana ua halina kitu, nao wanalijua, ukipita karibu na mzinga wamekuwa wakorofi.

Nyuki kwa mmea huu si mapambo. Maua yake ni ya namna mbili, na kila mche una namna moja tu: mwingine una kikonyo kirefu cha kike na vya kiume vifupi, mwingine kinyume chake. Chavua ya namna moja haizalishi kwenye namna ile ile, lazima ivuke kwenda kwa mwenzake. Bila mdudu hupati kitu. Asali yake kule inakolimwa ni nyeusi na nzito, wenye kuipenda wanaipenda sana.

Kuvuna ndiyo kazi. Zao lenyewe ni la wiki kumi hadi kumi na mbili, lakini haliivi kwa pamoja. Chini punje nyeusi zinadondoka, juu bado linachanua. Ukingoja zote ziive umewapa ndege. Mbolea nyingi ya chumvichumvi usiweke, inarefuka na kulala. Udongo duni wenye uchachu inauvumilia vizuri, hilo ni la kuisifu.

Na mwenye mbuzi au ng'ombe mwenye mabaka meupe awe macho. Wakila majani mabichi yake kwa wingi halafu wakakaa juani, ngozi nyeupe inababuka. Kuna kemikali kwenye majani inayoitwa fagopirini, jina limetokana na jina la kitaalamu la mmea, Fagopyrum.

Mwenye shauku ya kweli afuate njia: kibali cha kuingiza mbegu kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, wahusike kwenye ubora. Asipitishe mfuko mpakani Horohoro chini ya kiti cha basi. Magonjwa na magugu ya shambani husafiri hivyo hivyo.

Jambo jingine, watu wa milimani mnaujua ule mmea wenye majani machachu ambao watoto wanatafuna wakitoka shule? Kitaalamu unaitwa Rumex usambarensis, jina la milima yetu limo humo. Huo na bakwiti ni ukoo mmoja. Kwa hiyo msidhani ni kitu kigeni sana.

KijanaWaPongwe amejibu:

Samahanini wakubwa, kwani ulezi umekwisha? Uwele umekwisha? Mtama wa bibi zetu tumeutupa, leo tunajipanga kwa nafaka ya Warusi. Kesho itauzwa Dar bei ya nyama.

MzeeWaChumbageni amejibu:

Kijana, si ya Warusi. Wataalamu wanaitafuta asili yake kusini-magharibi ya Uchina, pande za Yunnan. Ilitembea kwa miguu mpaka Ulaya, na kila aliyeipokea akamsingizia jirani. Grechka maana yake ni ya Kigiriki, maana Warusi walidhani imetoka kwa Wagiriki. Wafaransa wanaiita sarrasin, jina walilokuwa wakiwaita Waislamu zamani. Wafini wanaiita tattari, yaani Watatari. Waholanzi wao waliangalia umbo la punje tu, wakaifananisha na mbegu ya mti mmoja wa kwao, Waingereza wakalichukua jina hilo wakaligeuza kidogo. Hata mahindi unayoyala Pongwe yametoka Meksiko, na mihogo ni ya Amerika Kusini. Sijakusikia ukiyagomea.

Ila kwenye ulezi nakuunga mkono. Anayetafuta nyuzinyuzi kwa ajili ya sukari asisafirishe boksi kutoka Urusi, ulezi upo hapo sokoni. Binti amepewa bure, ndiyo maana ale.

BintiRaskazone amejibu:

Nawashukuru wote. Nimeipika jana mchana, kikombe kwa vikombe viwili, ile ya kwenye boksi lisilo na vifuko. Nusu nikaiacha na siagi, nusu nikaitia tui la kichwa mwishoni na iliki. Ya siagi tumeila na changu kama babu alivyosema, na ukwaju. Imekubali! Ya nazi imekuwa nzito, punje zimeshikana, lakini watoto wameimaliza hiyo na ya siagi wakaikataa. Nadhani tui lilizidi.

Mama alianza na vijiko vitatu, hakuwashwa wala hakuvimba. Sukari tulipima kabla na baada, ilipanda pungufu kuliko inavyopanda akila wali, ila vijiko vitatu si sahani, kwa hiyo sitangazi kitu. Dawa zake amemeza mbele yangu. Alichosema yeye ni kwamba inashibisha, na kwamba ingekuwa bora na kisamvu.

Jirani nimempa kikombe kimoja bure na nimemsomea ya Nesi yote. Hakufurahi.

MapishiNgamiani amejibu:

Ya nazi, punguza maji ya kuchemshia. Tui lihesabu kama maji. Na ukiipalia moto wa makaa juu ya mfuniko itakauka vizuri zaidi kuliko kwenye gesi.

MzeeWaChumbageni amejibu:

Binti, hizo boksi zilizobaki kama hazina mwenyewe, mimi Chumbageni si mbali. Siagi nitakuja nayo.

BintiRaskazone amejibu:

Babu karibu sana, lakini uwahi. Mjomba amepita asubuhi kabeba boksi mbili, amepanda daladala ya Muheza.

MgosiWaSoni amejibu:

Zile za kahawia?

BintiRaskazone amejibu:

Zile zile. Nimemsomea ulichoandika, akasema wataalamu wa milimani hawapendi watu wa bondeni wafanikiwe.